Jinsi nilivyotatua shida ya kulenga kwa mzinga wa P.108A

Kwa wiki mbili mzinga wa milimita 102 wa Piaggio P.108A ulinitesa ndani ya War Thunder, mchezo wa kompyuta wa vita. Nalenga meli, nafyatua, na kombora linaangukia majini mbele yake. Kila mara.

Ndege hii naipenda mno. Ilitengenezwa Italia wakati wa Vita Vikuu vya Pili: dege la injini nne, awali la kudondosha mabomu, likafungwa mzinga puani ili kuwinda meli. Likaundwa moja tu la aina hiyo. Kulirusha leo, hata kwenye kioo cha kompyuta, ni heshima.

Kosa lilikuwa kwenye mipangilio yangu. Umbali wa kulenga, yaani pale kombora linapokutana na alama ya kulengea, nilikuwa nimeuacha mita 300, kama nilivyozoea kwenye ndege ndogo za bunduki. Kwa mzinga huu ni karibu mno; ukifika hapo meli imeshakutoboa. Nikaupandisha hadi 800, kisha nikaingia safari ya majaribio, ambako hakuna anayekufyatulia.

Huko ndiko nilikojifunza jambo kubwa zaidi: usipige mbizi. Mbizi hubadilisha mwendo na pembe, na kombora la pili haliendi lilikoenda la kwanza. Sasa naja chini, mabawa yamelala sawa, nafyatua moja, naangalia maji yaliporuka, nasahihisha pua kidogo wakati mzinga unajipakia. La pili hupiga ubavu wa meli.

Nimeandika 800 kwenye karatasi, imebandikwa kando ya kioo.