Servo Sita, Bodi Moja: Umeme Utoke Wapi?

Mkono wa roboti niliouunda mezani kwangu una viungo sita. Vitatu vya chini, yaani kitako kinachozunguka, bega na kiwiko, vinaendeshwa na servo, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinazoamriwa, za aina ya MG996R zenye gia za chuma. Vitatu vya juu, pamoja na vidole vya kushikia, vinaendeshwa na SG90, zile ndogo za gramu 9. Zote zinapokea amri kutoka bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja inayoendesha programu niliyoiandika. Kwa karibu wiki mbili mkono huu ulinisumbua kwa namna ileile: servo moja ndogo ilitii vizuri, mbili zilitii huku zikitetemeka, na kila nilipounganisha ya tatu mkono uliruka kwenda katikati, ukasita, kisha ukaruka tena bila kukoma. Muda wote huo nilikuwa nikiandika programu upya, mstari baada ya mstari, kwa sababu niliamini kwamba chombo kinachokosea amri kina kasoro katika amri zenyewe.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja fundi wa redio, ambaye hajawahi kuandika programu. Nilimpelekea bodi nikidhani imeungua. Aliitazama, akaniuliza, "Kijana wangu, hizi volti umezipima mkono ukiwa umetulia au ukiwa unasogea?" Nikamjibu, "Umetulia, mzee." Akanirudishia bodi yangu bila kuigusa kwa chuma cha kulehemu.

Nilipopima mkono ukiwa unasogea, volti 5 za bodi zilishuka hadi 4.1 kwenye multimita, kipimo cha umeme, na multimita ya kawaida inachelewa mno kuonyesha mashuko ya kasi, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya kuliko nilivyoiona. Kisha niliongeza mstari mmoja mwanzoni mwa programu, unaotuma neno "Naanza" kwenye kompyuta kila bodi inapowaka. Neno hilo lilijaa skrini nzima. Bodi ilikuwa ikizimika na kuwaka, na huo ndio mzunguko niliouita kutetemeka: bodi inawaka, inaziamuru servo zote ziende mahali pa kuanzia, servo zinavuta mkondo mkubwa kwa pamoja, volti zinaanguka, bodi inajizima kwa kujilinda, volti zinarudi, bodi inawaka. Mikrokontrola ya ATmega328P, yaani chipu inayoendesha programu kwenye Uno, imepangwa kujizima volti zinapofika kama 2.7, na hata kabla ya kufika huko haina uhakika wa kufanya kazi sawasawa kwa kasi yake ya megahezi 16.

Inafaa kueleza kwa nini servo ndogo kiasi hicho inavuta mkondo mkubwa kiasi hicho, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Ndani ya servo mna mota ya kawaida ya umeme wa moja kwa moja. Mota inapozunguka huzalisha volti zake yenyewe, zinazopinga zile inazopewa, na upinzani huo ndio unaopunguza mkondo. Mota iliyosimama haizalishi chochote. Kinachozuia mkondo ni ukinzani mdogo wa koili zake tu. Kwa hiyo katika ule muda mfupi wa kuanza kusogea, kila servo huvuta karibu mkondo uleule ambao ingevuta kama ungeishika kwa mkono isigeuke kabisa. Kwa SG90 kiasi hicho ni takriban miliampea 650, ingawa ikitulia bila mzigo inatosheka na kama miliampea 10. Kwa MG996R kinafika ampea 2.5 kwenye volti 6. Anayekadiria mahitaji kwa kupima servo iliyotulia atakosea kwa makumi ya mara.

Sasa tazama bodi inaweza kutoa nini. Ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta kwa USB, kuna fyuzi inayojirudisha yenyewe iliyowekwa kwa miliampea 500, na humo humo bodi yenyewe inataka sehemu yake. Pini za kutoa ishara zisihesabiwe kabisa: kila moja inapendekezwa isizidi miliampea 20. Wengine hukimbilia adapta ya volti 12 kwenye tundu la duara wakidhani wamepata nguvu zaidi, lakini regyuleta ya Uno, kipande kinachoshusha volti hizo hadi 5, hupunguza volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Volti 7 za ziada zikizidishwa kwa nusu ampea ni wati 3.5, zinazotolewa na kipande kidogo kuliko ukucha, kisicho na bati la kupozea. Kitajizima kwa joto, na mkono utarudi kuruka. Betri ndogo ya mstatili ya volti 9 ni mbaya zaidi; ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, na karibu nusu ya volti zake inaishia kuwa joto kwenye regyuleta ileile.

Hesabu ya mkono wangu ilikuwa hivi: MG996R tatu ni ampea 7.5, SG90 tatu ni kama ampea 1.95, jumla karibu ampea 9.5 iwapo zote zitakwama kwa wakati mmoja. Hilo ni nadra, lakini nilitaka chanzo kisichotikisika hata siku hiyo ikitokea. Nilichokipata kwa bei nafuu ni pawa saplai ya kompyuta kuukuu ya mezani. Nyaya zake nyekundu hutoa volti 5, nyeusi ni hasi, na huwashwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi. Lebo ya sanduku langu inataja ampea 20 kwenye volti 5. Naomba mambo mawili yazingatiwe na atakayefuata njia hii. Sanduku lenyewe lisifunguliwe, kwa kuwa ndani yake mna umeme wa ukutani na kapasita, vipande vya kuhifadhi chaji, zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Na kwenye waya mwekundu iwekwe fyuzi, kwa sababu chanzo cha ampea 20 hakiombi ruhusa kabla ya kuyeyusha waya mwembamba. Fyuzi yangu ni ya ampea 10.

Kwa roboti inayotembea, saplai ya mezani haifai, na hapo betri mbili za litiamu zilizofuatana hutumika pamoja na kipunguza volti. Kile cha LM2596 kinachouzwa sana kina ukomo wa ampea 3, kiasi ambacho servo mbili tu kama zangu za chini zinaweza kukivuka.

Jambo lililonichukua muda kulielewa vizuri ni waya wa hasi. Mwanzoni niliunganisha servo na saplai mpya, nikaiacha bodi kwenye USB, na servo hazikutii kabisa, zilijipindapinda ovyo. Sababu ni kwamba ishara ya servo ni volti zinazopimwa kutoka mahali fulani. Bodi hutuma pigo la kati ya milisekunde 1 na 2, mara 50 kwa sekunde, na servo husoma urefu wa pigo hilo kuwa pembe. Kama bodi na servo hazina hasi moja, servo haina sifuri ya kupimia pigo hilo. Kwa hiyo hasi zote zikutane: ya saplai, ya servo na ya bodi. Chanya zisikutane: waya mwekundu wa saplai usiguse pini ya 5V wakati bodi imechomekwa kwenye USB, kwani vyanzo viwili visivyolingana vitasukumana kupitia bodi.

Hata hivyo, kukutana tu hakutoshi, namna ya kukutana ina maana. Mkondo wote unaoingia kwenye servo hurudi kwa waya wa hasi. Ukiupitisha kwenye nyaya nyembamba za kuchomeka, tuseme zenye ukinzani wa omu 0.1 pamoja na viungo vyake, ampea 3 zitapoteza volti 0.3 njiani, na sifuri ya servo itapanda kwa kiasi hicho kila mkono unaposogea. Mimi nimepeleka hasi ya kila servo kwa waya mnene hadi kwenye saplai, kisha waya mmoja wa pembeni ukaenda kwenye bodi kubeba ishara peke yake. Bredibodi, ile bodi ya matundu ya kuchomekea nyaya bila kulehemu, nimeiondoa kabisa kwenye njia ya umeme wa servo.

Nimeweka pia kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 16 karibu na servo, nikiangalia upande wake wa hasi. Inasaidia, lakini isitegemewe kupita uwezo wake: ikikubaliwa kushuka kwa nusu volti, inaweza kutoa ampea 2 kwa robo tu ya milisekunde. Inaziba mshtuko wa kwanza. Haiwezi kuifanya saplai dhaifu iwe na nguvu. Vivyo hivyo bodi ya PCA9685, yenye njia 16 za kutuma ishara, haizalishi umeme. Ina mlango wake wa kupokea umeme wa servo, na mlango huo lazima ulishwe na saplai ya kutosha.

Kwenye programu nimebakiza badiliko moja: servo zinaamshwa moja baada ya nyingine, kwa nafasi ya milisekunde 200. Sasa mkono ukisogea wote napima volti 4.9 kwenye nyaya za servo, na neno "Naanza" linatokea mara moja tu. Kilichobaki ni SG90 ya vidole, ambayo ilikuwa ikipata moto kila inaposhika kitu kwa dakika kadhaa. Niliiamuru ifumbe zaidi ya unene wa kitu chenyewe, kwa hiyo ilikuwa imekwama na kuvuta mkondo wake wote muda wote huo. Nimepunguza pembe ya kufumba hadi vidole viguse kwa uthabiti na kuishia hapo, na tangu jana gamba lake limebaki vuguvugu.