Nilivyoondoa tinti ya milango ya mbele baada ya kuandikiwa kesi, Malindi

Kosa liliandikwa kwenye notisi kwa mstari mmoja: vioo vya milango ya mbele vina giza, dereva haonekani. Ilikuwa njia panda ya Gede, gari likielekea Malindi, na siku ya kufika mahakamani ilikuwa baada ya siku 12. Naandika niliyoyafanya ndani ya siku hizo kwa sababu wengi huku Pwani huweka tinti wakiamini giza ndilo linaloleta ubaridi, na fundi akiulizwa ni tinti ya ngapi hujibu, "Ya kawaida tu, bosi."

Hakuna tinti ya kawaida. Karatasi ya tinti huuzwa kwa asilimia ya mwanga inaoupitisha: 5, 20, 35, 50, 70. Namba ikipungua, giza linazidi. Linalosahaulika ni kwamba kioo chenyewe tayari kinapunguza mwanga. Kioo cha mlango chenye ukijani kidogo hupitisha karibu asilimia 75, na hesabu yake ni ya kuzidisha: 75 mara 35 kwa mia ni 26. Aliyenunua tinti ya 35 anaendesha gari la 26. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na kule kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele havitakiwi kupitisha chini ya asilimia 70. Mimi nimekifanya hicho ndicho kipimo changu. Ukitaka jumla ibaki 70 juu ya kioo cha 75, karatasi yenyewe ingebidi ipitishe 93. Hata ile iitwayo 70 inakushusha hadi 52. Kwa hiyo milango miwili ya mbele niliamua iwe wazi kabisa.

Kabla ya kubandua, pima. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga juu ya skrini, karibu na spika ya sikio, na programu za kupima lux, yaani kiasi cha mwanga, ni za bure. Egesha kivulini, mahali ambapo mwanga hauchezi, si chini ya mti wenye majani yanayotikisika. Teremsha kioo, shika simu pale kioo kilipokuwa, skrini ikitazama nje, soma namba. Pandisha kioo, bandika simu kwa ndani pale pale, soma tena. Yangu ilisoma 1,480 kioo kikiwa chini na 390 kikiwa juu. 390 gawa kwa 1,480 ni 26 kwa mia. Si kipimo cha kupeleka mahakamani kama ushahidi, lakini kinakuambia ukweli ambao fundi hakukuambia.

Vioo vya nyuma ni habari nyingine, na hapa watu wengi huharibu mali yao. Gari la Japani mara nyingi huja na vioo vya nyuma vyeusi kutoka kiwandani; rangi imo ndani ya kioo, hakuna cha kubandua. Teremsha kioo nusu ukitazame ukingoni. Kama ni karatasi, utaona mstari mwembamba wa kioo cheupe juu kabisa, milimita moja au mbili, kisha giza linaanza. Kama ni kioo cha kiwandani, rangi inafika mpaka ukingo na hata ndani ya ukingo wenyewe ni ya moshi. Tazama pia muhuri wa pembeni: AS3, au herufi V karibu na alama ya E, ina maana kioo kilitengenezwa hivyo, kikipitisha chini ya 70. Mlango wa mbele kwa kawaida huandikwa AS2. Nilipiga picha za mihuri yote nikazihifadhi kwenye simu, ili afande akiuliza habari ya vioo vya nyuma awe na kitu cha kuangalia.

Piga picha pia za tinti kabla hujaigusa, hasa kama unakusudia kukana kosa. Ukiibandua bila picha umetupa ushahidi wako mwenyewe.

Sasa kubandua. Vifaa: chupa ya kupulizia yenye lita moja ya maji na nusu kijiko cha chai cha shampuu ya watoto, wembe mpya, draya ya nywele, taulo mbili, kadi kuukuu ya benki, na kipande cha nailoni nyeusi ya ujenzi, ile inayotandazwa chini kabla ya kumwaga zege. Taulo moja ivike juu ya mlango kwa ndani kabla ya tone la kwanza la maji. Swichi za vioo zipo pale pale, maji yakiingia utatengeneza vioo vya umeme badala ya tinti.

Teremsha kioo sentimita mbili ukingo wa juu uonekane. Pasha pembe moja kwa draya, umbali wa kiganja, ukiisogeza bila kutulia. Ukikazia joto mahali pamoja kioo kinaweza kupasuka. Inua pembe kwa ncha ya wembe, shika kwa vidole viwili, kisha vuta polepole sana, karatasi ikiwa karibu kulala juu ya kioo, draya ikitangulia. Hapo ndipo subira inapolipa. Ikitoka vizuri, gundi inatoka nayo na kioo kinabaki na utando tu. Ukivuta kwa haraka, karatasi inaachana: tabaka la juu linakuja mkononi jeupe, na rangi pamoja na gundi vinabaki kama lami.

Tinti kuukuu iliyogeuka zambarau na kufura mapovu hufanya hivyo karibu kila mara, kwa kuwa jua limekwisha kula rangi na gundi. Ikitokea, loanisha kioo chote kwa nje, bandika nailoni nyeusi, pulizia maji ya sabuni kwa ndani, kisha acha gari juani saa saba mchana kwa muda wa saa moja, ukirudia kupulizia kila gundi inapotaka kukauka. Jua la kaskazi linafanya kazi hii bure. Baada ya hapo gundi inakwanguka kwa wembe uliolazwa, kioo kikiwa kimelowa wakati wote.

Dirisha la nyuma lisiguswe na wembe kamwe. Ile mistari ya kahawia ya kuondoa ukungu imechapwa juu ya kioo, na kwenye baadhi ya magari ndiyo antena ya redio pia. Tumia kadi, ukifuata mstari, usikate mstari. Amonia inasifiwa sana, mimi siitaki: ndani ya gari lililofungwa inakaba pumzi na inaharibu dashibodi.

Mahakamani nilikwenda na notisi, picha za kabla na baada, na leseni. Kubandua hakufuti kosa la siku ile, lakini ukikiri, mahakama husikiliza ombi la kupunguziwa adhabu, na gari lililokwisha kurekebishwa lina uzito. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Kama ulitoa dhamana ya pesa taslimu kituoni, beba risiti. Usipofika, dhamana inapotea na hati ya kukukamata inaweza kutolewa. Pesa ya barabarani isiyo na risiti usitoe. Na aliyepelekwa kituoni akumbuke Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya: ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, na kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, hafai kuwekwa rumande.

Limebaki joto, na joto la Malindi si la kupuuzwa. Karibu nusu ya nguvu ya jua ni miali isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo tinti nyeusi ya bei rahisi inazuia mwanga na kuacha joto kubwa lipite. Tinti ya seramiki hukata miali hiyo hata ikiwa nyepesi. Hiyo niliiweka milango ya nyuma tu. Ya chuma inaweza kusumbua redio na GPS. Kwa mbele natumia kikinga jua cha kung'aa ninapoegesha, na shati la mikono mirefu safarini, maana kioo cha mlango hupitisha miale inayoharibu ngozi zaidi kuliko kioo kikubwa cha mbele, na mkono wa kulia ndio unaokaa dirishani. Tinti mpya ikishabandikwa, vioo visiteremshwe siku tatu, na mapovu madogo ya maji utakayoyaona wiki ya kwanza yaache yakauke yenyewe.