Kumfuata Bellán hadi Matanzas

Kwenye bustani ya Parque Central, Havana, kuna kijiwe cha wazee wanaobishana besiboli tangu asubuhi. Ukiwaona kwa mbali utadhani wanataka kupigana. Nilipotaja jina la Esteban Bellán, mchezaji Mkuba wa karne ya 19, ubishi ukahamia kwake: alicheza ligi kuu ya Marekani, hakucheza?

Bellán alizaliwa Havana mwaka 1849, akapelekwa New York kusoma kwa mapadri Wajesuiti. Mwaka 1871 alikuwa anachezea timu ya Haymakers ya mji wa Troy, akilinda kituo cha tatu, kimojawapo cha vituo ambavyo mkimbiaji hupitia ili apate pointi. Mwaka 1873 akahamia timu ya Mutuals ya New York, akacheza mechi chache, basi. Miaka 3, mechi kama 60. Tena ligi yenyewe, National Association, wakubwa wa besiboli wa leo hawaitambui kuwa ligi kuu. Mimi naona ni roho mbaya ya makarani tu. Enzi hizo hapakuwa na ligi iliyoizidi.

Kesho yake nikadandia Chevrolet kuukuu ya abiria kwenda Matanzas, alikocheza Bellán baada ya kurudi Cuba, mwendo wa kilomita 100 hivi. Tulipokaribia daraja la Bacunayagua, lililo juu ya bonde lenye kina cha mita 110, injini ikachemka. Dereva akafungua boneti, akaiacha ipoe, akawasha sigara bila hata kutuangalia. Abiria wenzangu nao wakashuka kimya kimya kutafuta kivuli. Walishazoea.

Uwanja wa Palmar de Junco uko mtaa wa Pueblo Nuevo. Hapa ndipo tarehe 27 Desemba 1874 Bellán, aliyekwisharudi kwao, na wenzake wa Havana waliwafunga wenyeji 51 kwa 9. Hamsini na moja! Giza ndilo lililowaokoa Matanzas.

Mtaani jirani, watoto walikuwa wanacheza kwa mpini wa ufagio na kizibo kilichoviringishwa plasta. Mmoja akaninyooshea kidole: kituo cha tatu, yaani pale penye kandambili ya bluu. Nikasimama. Nikakumbuka kwamba siku za Bellán walinzi walidaka mpira mgumu kwa viganja vitupu. Kizibo kikaja kwa kasi, kikanichapa kiganjani, kikaruka hadi mtaroni. Watoto wakaangua kicheko.

Usiku narudi Havana, kiganja bado kinawaka moto.