Simfoni nane za Rautavaara: daftari langu la kusikiliza

Wiki ya 1, Februari

Nimeanza. Nasikiliza simfoni (kazi ndefu za okestra) zote nane za Einojuhani Rautavaara, mtunzi wa Ufini, kila moja mara mbili. Mara ya kwanza ni usiku nikitoka kazini, peke yangu, hedifoni masikioni. Mara ya pili ni sebuleni na watu, kila mtu aseme alichosikia nami niandike. Wasikilizaji ni mke wangu na rafiki yetu Mkongo wa Lubumbashi, aliyelelewa na rumba. Ameshanitahadharisha: "Kaka, muziki usio na gita kwangu ni mkutano tu." Mimi ni besi wa kwaya, nasoma kwa sol-fa, noti za mistari nabahatisha.

CD naazima maktaba ya jiji hapa Oulu, Ufini. Mwenzangu kazini aliniuliza kwa nini nisichukue Sibelius, mtunzi mkubwa wa Ufini, kama watu wote. Nikamjibu kwamba Sibelius mwenyewe ndiye aliyempendekeza huyu kijana mwaka 1955 apate ufadhili wa kwenda kusoma chuo cha muziki cha Juilliard, New York. Mzee kashachagua, mimi nani?

Wiki ya 3

Ya kwanza na ya pili zilipita salama, hakuna aliyelala. Ya tatu (1961) ndiyo iliyotushika. Inaanza chini kabisa, vyombo vya nyuzi vinatetemeka kama jenereta ya jirani, kisha baragumu linaita kutoka mbali. Imejengwa juu ya safu ya sauti 12 (sauti zote kumi na mbili zinapangwa foleni, mtunzi anaifuata), ile mbinu inayowakimbiza watu, lakini sikio linasikia Bruckner, yule mtunzi wa Austria, milima na nafasi. Hata maelekezo ya mwendo kayaandika kwa Kijerumani.

Tatizo lilikuwa spika yangu ndogo ya mezani. Ule mtetemo wa mwanzo haikuutoa kabisa, wenzangu wakakaa karibu dakika nzima wakinitazama: "Umewasha?" Nimeazima spika kubwa za jirani.

Wiki ya 4

Kosa langu. Nilifuata namba kama mjinga, nikawapigia ya nne, Arabescata ya 1962, Ijumaa usiku watu wameshiba wali. Humo karibu kila kitu kimepangwa kwa safu: urefu wa sauti, muda wake, ukubwa wake. Mkongo akavaa koti kabla haijaisha. Kwa heshima zote lakini, akasema kesho anaamka mapema. Mke wangu alimaliza, akaniuliza kama mtunzi alikuwa na ugomvi na mtu.

Nimevunja utaratibu. Ya tano na ya sita nimezisikiliza peke yangu. Ya tano nimeipenda mno: kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) nzito, safi, inavimba, inavimba, halafu inapasuka kwa ukali, kisha inaanza tena. Ya sita imetoka kwenye opera yake kuhusu mchoraji van Gogh, ina kinanda cha umeme ndani yake ambacho mimi ningekitoa.

Wiki ya 6

Leo ya saba, Malaika wa Nuru. Ilipigwa mara ya kwanza 1995, Bloomington, Indiana. Rekodi tuliyonayo ni ya okestra ya Helsinki Philharmonic ikiongozwa na Leif Segerstam, na ndiyo iliyomfanya Rautavaara, mzee wa miaka sitini na kitu, ajulikane mbali na Ufini. Wengi hununua kwa sababu ya jina, nadhani. Wanategemea mabawa na utulivu.

Utulivu upo, sehemu ya kwanza ni nyuzi zinazokwenda taratibu kama ukungu juu ya mto. Ila ya pili inakuja kama mlango uliopigwa teke. Mkongo (amerudi, nilimwahidi maandazi) akasema: "Huyu malaika gani?" Nikawaeleza: Rautavaara alipokuwa mtoto aliota mara kwa mara kiumbe kikubwa cha kijivu, kimya, chenye nguvu, kinamjia na kumkumbatia. Alipambana nacho usiku baada ya usiku mpaka alipojifunza kukiachia. Malaika wake ndiye huyo.

Nilimtumia mama yangu, aliye Njombe, sehemu hiyo ya pili kwa WhatsApp. Yeye ni sauti ya pili kwaya ya usharika tangu sijazaliwa. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikiliza. Sasa wewe umeshangaa nini? Malaika akimtokea mtu kwenye Biblia, neno la kwanza ni lipi?"

"Usiogope."

"Basi. Unadhani analisema bure?"

Sijasoma maelezo ya CD yaliyofika hapo.

Sehemu ya tatu, ile ya ndoto, hakuna aliyesema kitu. Karibu na mwisho wa ya nne vyombo vya shaba vilipopanda, mke wangu alinyoosha mkono chini ya taa. "Ona," akasema, "malaika yamenisimama." Hakukusudia mzaha. Tulicheka baada ya kama dakika mbili.

Wiki ya 10, Aprili

Ya nane imebaki, Safari, aliyowatungia okestra ya Philadelphia. CD ina mtu, nipo kwenye foleni.

Nikisubiri nimerudia Cantus Arcticus ya 1972, ambayo si simfoni ila ni ya hapahapa: chuo kikuu cha Oulu ndicho kilichoiagiza. Okestra inacheza pamoja na ndege halisi aliowarekodi mwenyewe, wengine kwenye vinamasi vya Liminka, kusini kidogo mwa mji. Katika sehemu ya kati sauti ya kipozamataza mmoja ameipunguza kasi mpaka ikashuka oktavu mbili. Nimejaribu kwa simu na shakwe wa sokoni. Ametoka ng'ombe.

Jana Mkongo alinipigia akiwa Liminka, na mimi nilikuwa sijamwomba. "Kaka, wale bata wakubwa weupe wa kwenye sarafu ya yuro moja wamefika. Sikiliza." Akanyamaza, akainua simu juu.