Salamu za Kulwa na Doto

Mwaka 1999, kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Tulikuwa prepu ya usiku, na ubaoni kulikuwa bado na mfululizo wa mchana: nusu, robo, thumuni, unakwenda bila kikomo na jumla yake haivuki 1. Huo nilishaukubali. Walioninyima usingizi ni mapacha wa nadharia ya Einstein, inayosema saa ya anayekwenda kasi hukawia.

"Mwalimu, pacha aliyesafiri angani anarudi na umri mdogo kuliko aliyebaki. Lakini si kila mmoja anamwona mwenzake ndiye anayekwenda? Basi kila mmoja amkute mwenzake ni mdogo!"

Mwalimu wa zamu alifundisha fizikia. Hakuniambia nisome ya mtihani kwanza. Alifuta ubao, akaandika majina wanayopewa mapacha kwetu Usukumani: Kulwa na Doto. Kulwa abaki. Doto aende kwenye nyota iliyo umbali wa miaka 4 ya nuru, yaani nuru huchukua miaka 4 kufika, kwa asilimia 80 ya mwendo wa nuru, kisha arudi. Saa ya Kulwa itahesabu miaka 10, ya Doto 6. Kila mmoja atume kwa nuru salamu moja kwa mwaka, kwa saa yake mwenyewe.

"Hesabu zinazofika," akanipa chaki.

Kwa mwendo huo, wakiachana, salamu hufika moja kila miaka 3 ya saa ya anayepokea. Wakikaribiana, 3 kila mwaka. Kanuni hiyo ni moja kwa wote wawili, na hapo ndipo nilipodhani nimeshinda. Nikaanza na Doto: miaka 3 ya kwenda, salamu 1, miaka 3 ya kurudi, salamu 9. Jumla 10.

Kwa Kulwa mkono ukasita. Doto anageuza mwaka wa 5, lakini nuru inayoleta habari hiyo inachukua miaka 4 kufika. Kwa hiyo mpaka mwaka wa 9 Kulwa bado anapokea moja moja: salamu 3. Mwaka uliobaki, 3 nyingine. Sita!

Nilirudia hesabu mara mbili, moyo ukinidunda. Doto alipogeuza, salamu zilimzidia papo hapo, maana aliyegeuza ni yeye. Kulwa alibaki kungoja. Hawakuwa sawa hata kidogo, na sikuwa nimeliona hilo wiki nzima.

"Na wakiondoka wote wawili, mmoja mashariki, mwingine magharibi?" akauliza jirani yangu wa dawati.

Saa nne jenereta ikazimwa. Tukawasha kibatari, tukaanza kuhesabu upya.