Karatasi za Wajesuiti na Barua Kutoka Goa

Kinachonivutia katika hifadhi ya nyaraka za Wajesuiti, shirika la watawa wa Kanisa Katoliki, iliyoko Roma si hati zenye mihuri, bali ni barua. Shirika hilo, lililoidhinishwa na Papa mwaka 1540, lilitawanya watu wake toka India hadi Brazili, na mwanzilishi wake, Ignatius wa Loyola, alisisitiza kwamba waandike mara kwa mara. Tena aliwaagiza kuwa mambo ya kuwajenga wasomaji yakae katika barua kuu, na yale ya ndani yaandikwe kwenye karatasi za pembeni. Kwa hiyo anayesoma barua kuu peke yake anasoma kilichokusudiwa kuonyeshwa, jambo ambalo watafiti wengi wavivu husahau.

Hata hivyo, kuna nyakati kalamu huponyoka. Francis Xavier, mmisionari wa shirika hilo, akiandika kutoka Goa, India, mnamo Septemba 1542, anakumbuka alivyopita Malindi, ambako mzee mmoja Mwislamu aliyeheshimika alimlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji huo ni 3 tu iliyokuwa bado ikihudhuriwa. Xavier anaona hilo kama hoja ya upande wake. Mimi naona wazee wawili wa dini, ingawa mmoja ni mgeni ambaye hajafikisha hata miaka 40, wakizungumzia ibada iliyopoa.

Xavier huyohuyo alikata saini za wenzake kutoka kwenye barua walizomwandikia, akazivaa shingoni.