Deni la juzi: siku moja ya fundi cherehani mwenye uchovu sugu na aleji ya nikeli

Saa 11:45 alfajiri

Alamu imelia nimeizima nimebaki chali naangalia dari, na sio uvivu, hii ndo kazi yangu ya kwanza ya siku, kujikagua. Nimelala masaa 9 nimeamka kama mtu aliyekesha. Miguu mizito, koo linakwaruza, kichwa kama kimejazwa pamba. Swali ninalojiuliza sio jana nilifanya nini, ni juzi nilifanya nini. Juzi nilimaliza magauni manne ya oda moja na nikasimama kwenye pasi mpaka usiku. Basi, jibu nishapata.

Niweke wazi ili tuelewane huko mbele. Nina vitu viwili. Kimoja ni uchovu sugu, ule ugonjwa wenyewe kabisa, sio kuchoka tu, ule ambao ukijituma kidogo kuliko uwezo wako mwili unakuangusha, na haukuangushi hapohapo, unakuangusha baada ya nusu siku, siku moja au hata mbili. Cha pili ni aleji ya nikeli (ile metali ya rangi ya fedha inayopakwa kwenye vyuma visishike kutu), na aleji hii ina tabia ileile, unagusa leo, ngozi inawasha kesho au keshokutwa, maana hii sio aleji ya kuvimba papo hapo kama ya nyuki, ni ya seli za kinga ambazo zinachukua siku moja mpaka tatu kukusanyana. Kwa hiyo nina saa mbili mwilini na zote zinachelewa. Miaka miwili nzima nilikuwa nachanganya nani anadai nini.

Saa 12:30 asubuhi

Jikoni nafungua bomba naacha maji yatoke kidogo kabla sijakinga. Maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba la chuma yanaweza kuwa na nikeli zaidi ya yale yanayokuja nyuma yake. Nayamwagia maua, sitaki lawama. Birika langu la zamani lenye ile koili inayong'aa nililitoa, kwa sababu koili za vile nyingi zimepakwa nikeli na ukishalisafisha ukoko kwa siki ndo linaachia zaidi.

Na sinywi tena hayo maji ya kwanza tumbo likiwa tupu. Kuna jaribio la mwaka 1989, watu waliojitolea walipewa nikeli kwenye maji wakiwa wamefunga, wakanyonya kama asilimia 27, walivyopewa kwenye chakula wakanyonya chini ya asilimia 1. Nilivyosoma hiyo nikacheka, nilikuwa nimehangaika na kila tonge na nikasahau glasi.

Saa 1:30 asubuhi

Kuvaa ni hesabu. Suruali ya jinzi nayo navaa ila nyuma ya kile kifungo cha chuma nimeshonea kitambaa tabaka mbili. Chini ya kitovu nina alama ya mviringo, nyeusi kuliko ngozi yangu, saizi ya kifungo kabisa, mtu angeiona angedhani nimepigwa muhuri. Ilikaa inawasha na kutoa maji miezi kadhaa na mi naipaka dawa za fangasi. Fundi mzima, ninayeshona vifungo vya watu kila siku, sikuwaza kifungo.

Daktari wa ngozi hakuwaza mara mbili. Alinibandika mgongoni plasta zenye vidoa vya dawa, kimoja cha nikeli salfeti, nikae navyo masaa 48, nisioge mgongo, nisitoe jasho (nisitoe jasho! mimi na pasi!). Siku ya pili akabandua akasoma, siku ya nne akasoma tena, na ile ya nne ndo penyewe, kidoa kimoja kilikuwa chekundu kimevimba na vilengelenge juu, vingine vyote kimya. Ukikimbilia kusoma siku ya kwanza ukaondoka unaweza kuambiwa huna kitu.

Saa 2:40 asubuhi

Kazini. Tuko watatu, mimi, dada mmoja ambaye ndo mkubwa wetu, na kijana anayejifunza. Leo nina suruali tatu za kupinda na blauzi moja ya mikono mirefu. Nakaa. Zamani nilikuwa nakata nimesimama, sasa nakata nimekaa kwenye stuli ndefu, na pasi nimemwachia dogo.

Kitu ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka nilipoandikiwa orodha ya vitu vyenye nikeli ni pini. Kila fundi anajua, mikono ikijaa unabana pini mdomoni, nne, tano, unaongea nazo hivyohivyo. Pini nyingi zimepakwa nikeli ili zisishike kutu. Mate yana chumvi, ni kama jasho, na chumvi ndo inayoing'oa nikeli kwenye chuma. Ile midomo yangu iliyokuwa inapasuka pembeni kila wiki nikiambiwa nimepungukiwa vitamini, ilipona wiki tatu baada ya kuacha kubana pini. Tatu tu. Sasa nina kimto cha pini kwenye mkono, subana ni ya plastiki, na vishikio vya mkasi nimevizungushia utepe wa kitambaa ambao naubadilisha ukichakaa.

Halafu jina lenyewe la nikeli ni la zimwi, wallahi. Wachimba madini wa Kijerumani walikuwa wanapata mawe yanayofanana na ya shaba, wakiyayeyusha shaba haitoki, wakasema kuna kijizimwi kinawachezea, wakayaita Kupfernickel, yaani zimwi la shaba. Mwaka 1751 Msweden mmoja, Axel Cronstedt, ndo akaitenga yenyewe ikabaki na jina hilo. Nawaelewa sana hao wachimbaji.

Saa 4:15 asubuhi

Imekuja boksi ya vifungo vipya vya chuma, rangi ya fedha, vizuri kweli, kwa ajili ya makoti ya watoto. Mwenye oda kavileta mwenyewe. Dada kanitazama tu, anajua nitatoa kile kichupa.

Ni dawa yenye jina refu, dimethiliglioksimu, sisi tunaiita dawa ya pinki. Unachovya kijiti cha pamba, unasugua kifungo nusu dakika, unaangalia pamba. Nikasugua upande wa mbele, pamba nyeupe. Dogo akasema "si umeona dada, viko poa." Nikageuza nyuma, ule upande unaogusa shingo ya mtoto, nikasugua na kijiti kipya. Mwanzo hamna kitu, halafu kwenye ncha ikaja rangi kidogo kama ya waridi, ikakolea, ikawa pinki ya lipstiki. Dogo kanyamaza. Nikamwambia pia kwamba isipogeuka sio cheti cha usafi, inaweza kuwepo kidogo ambayo dawa haioni.

Ulaya wana sheria ya hii kitu tangu 1994, Denmark walitangulia, chuma kinachokaa kwenye ngozi muda mrefu hakitakiwi kuachia zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Angalia wanapima kinachotoka, sio kilichomo. Ndo maana sufuria ya chuma cha pua inaweza kuwa na nikeli asilimia 8 na zaidi na bado isikusumbue sana, imeshikwa vizuri humo ndani, na kifungo kilichopakwa juujuu kikakuunguza. Nimempigia mwenye oda, amekubali tubadilishe viwe vya plastiki. Kuna wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya chuma, inasaidia ila inabanduka, sio ya kuitegemea kwenye nguo ya mtoto.

Nimegundua baadaye kwamba vile vifungo nilikuwa navigeuza kwa kidole gumba bila glavu. Aisee.

Saa 5:30 asubuhi

Nalala. Nyuma ya pazia kuna mkeka, dakika 25, simu nimeizima, na nalala kabla sijachoka, hilo ndo gumu kuwaelewesha watu. Ukisubiri mpaka uchoke ushachelewa. Zamani ushauri ulikuwa ongeza mazoezi kidogokidogo kila wiki, mi nilifanya hivyo nikaishia kitandani siku kumi. Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao ya kutoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2021 uliachana na mpango huo wa kupandisha mazoezi kwa ratiba, sasa wanasema ishi ndani ya nguvu ulizonazo. Wateja wanadhani nimeenda kula.

Saa 7 mchana

Chakula nakula cha kawaida. Kuna kipindi nilitoa kakao, karanga, soya, kunde zote, oti, vitu vyenye nikeli nyingi, kwa wiki nane kwa usimamizi, kwa sababu vilengelenge vya viganjani vilikuwa haviishi hata baada ya kuondoa vyuma. Viganja vilitulia. Uchovu haukusogea hata nukta. Nimerudisha vingi, viganja vikianza napunguza kakao. Sishauri mtu aanze tu kujinyima kunde kwa kusoma kwangu, unaweza ukajikuta umepungukiwa madini ya chuma, na mwili uliopungukiwa chuma unanyonya nikeli zaidi maana zinapita mlango mmoja utumboni. Na kukosa chuma kwenyewe ni uchovu tosha. Mimi kabla ya yote nilipimwa akiba ya chuma, tezi ya shingo, sukari, figo. Anayekurukisha hizo hatua kwenda moja kwa moja kwenye metali nzito, kama madini ya risasi na zebaki, mwogope.

Saa 9 alasiri

Dada kaniuliza leo tena, kwa upole, "mdogo wangu, na ile dripu ya kuvuta metali mwilini hutaki kabisa? Nimeona mtu anasema amepona."

Nilishapita huko. Mwaka niliochanganyikiwa nilienda mahali, sitapataja, wakanipa dawa kwanza halafu wakakusanya mkojo wangu, karatasi ikarudi na mistari myekundu, risasi juu, zebaki juu. Nililia. Nikaipeleka kwa daktari wangu akauliza swali moja tu, mkojo ulichukuliwa kabla ya dawa au baada? Baada. Akasema dawa ile kazi yake ni kuzoa metali kuzipeleka kwenye mkojo, kila mtu ana chembe kidogo, yeyote ukimpa itapanda, halafu wao wamelinganisha na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa. Kumbe hata American College of Medical Toxicology, chama cha madaktari wa sumu Marekani, walishatoa tamko mwaka 2009 kwamba kipimo cha namna hiyo hakifai kugundulia sumu. Daktari akaniuliza kazi, betri, rangi za zamani, vipodozi vya kung'arisha ngozi (vingine vina zebaki kweli), sigara, samaki wakubwa. Akapima risasi kwenye damu bila dawa yoyote. Kawaida.

Nikamwambia dada hivi: aleji na sumu ni vitu viwili. Sumu ni kiasi, risasi inaingia inakaa kwenye mifupa miaka na miaka, kadmiamu, metali nyingine iliyomo kwenye sigara, inalala kwenye figo, na ikizidi inamdhuru yeyote yule, mwenye aleji na asiye nayo. Aleji ni kinga yangu mimi kukosa subira na kitu ambacho wewe unabana mdomoni mchana kutwa na hupati hata kipele. Mi sina nikeli nyingi kuliko wewe, huwezi kunivuta kitu ambacho hakijajaa. Na zile dripu kwa mwenye sumu ya risasi kweli zinaokoa maisha, ila Marekani kati ya 2003 na 2005 watu watatu, wawili watoto, walikufa baada ya dawa ya aina hiyo kushusha kalsiamu kwenye damu.

Akasema "sasa mbona uliniambia Waswidi waliona uhusiano?" Ana kumbukumbu huyu. Ni kweli, 2001 watafiti wa Sweden waliandika kwamba aleji ya nikeli ni ya kawaida sana kwa wanawake wenye uchovu sugu na maumivu ya misuli, wakahusisha na moshi wa sigara na chakula. Nilishikilia hiyo kama ushahidi wa mahakamani. Lakini kukutana kwa vitu viwili kwa mtu mmoja sio kimoja kuzaa kingine, na mwanamke mwenye aleji ya nikeli sio kitu adimu, hereni tu zimewapa wengi. Kwangu mimi ngozi imepona na uchovu upo. Ila naamka usiku mara chache, maana siwashwi, na hilo silidharau.

Saa 10:50 jioni

Ukungu wa kichwani umeingia. Nimekata mikono ya blauzi, nimeilaza mezani, naiangalia kuna kitu hakiko sawa, naizungusha, naizungusha tena. Yote miwili ni ya kushoto. Miaka 14 kwenye hii kazi. Kitambaa hakitoshi mkono mwingine. Dada hakusema kitu, alichukua vipande akaanza kupima kama mkono mfupi utatoka, utatoka, itabidi niongee na mwenye blauzi. Nimefunga mashine. Hili ni la magauni ya juzi, sio la leo, najua, bado linauma.

Saa 2:15 usiku

Daftari. Kurasa zangu zina nguzo tatu, nilichogusa, nilichofanya, ninavyojisikia, na huwa nasoma nguzo ya tatu nikirudi nyuma siku mbili. Leo nimeandika: pasi hapana, kulala mara moja, simu ya ubishi kidogo, mikono miwili ya kushoto. Vifungo vya chuma, pinki iliyokolea, dakika kama tatu, bila glavu.

Nimegeuza ukurasa wa keshokutwa nikaandika kabisa juu kwa penseli: angalia gumba la kulia.